Taa ya Bi Swafiya

Baada ya swala ya alasiri, mtaa wetu wa Mkomani husinzia. Jua huteremka taratibu juu ya ukuta, likaingia kiwandani, yaani ule uwazi ulio katikati ya nyumba yetu. Asumini zilizotandazwa kwenye ungo huanza kunukia. Mimi hukaa hapo na kofia ninayoidarizi. Natoboa, nashona, natoboa, nashona, na saa yapita wala sijui imekwenda wapi. Siku nyingine nahisi kama nyumba yenyewe yapumua.

Naitwa Zamzam. Mume wangu ni Jaafar, fundi wa mashine za boti. Boti zinazovusha wasafiri kwenda uwanja wa ndege wa Manda zikizima, huitwa yeye. Ni mtu mwema, lakini maneno yake ni ya moja kwa moja. Ukimwambia una njaa, atakuletea chakula. Ukimwambia nyumba imekuwa baridi kwa sababu hazungumzi nawe, atafunga dirisha.

Mama yake, Bi Swafiya, twakaa naye. Yeye na mwanawe, Mungu aliwaumba kinyume kabisa. Bi Swafiya ni mtungaji wa nyimbo za vugo. Vugo ni pembe ya nyati. Siku za harusi wanawake huipiga kwa kijiti, wakapita mitaani wakiimba. Na katika nyimbo hizo watu huambiana mambo kwa mafumbo. Anayeambiwa hujua. Waliobaki hutabasamu tu wakatazama chini.

Binti yetu ni Hadil, yuko kidato cha tatu. Amelelewa kwenye mkeka wa bibi yake. Usiku hulala chumba kimoja naye, asubuhi humsomea dua, jioni humtungia asumini za kikuba cha kujipamba. Nami sikuona wivu. Mtoto aliyependwa na wawili hakupungukiwa kitu.

Tatizo letu lilikuwa Kiingereza.

Hadil alikizungumza vizuri. Alikisoma vizuri. Lakini ilipofika sehemu ya mashairi, alama zilikuwa sufuri, muhula baada ya muhula. Jaafar alijaribu kuvumilia. Mwisho akampigia simu ndugu yake, Uthman, aliye Mombasa.

"Atakwenda kukaa kwa ami yake," Jaafar alituambia. "Huko kuna masomo ya ziada jioni. Akifeli tena mtihani wa muhula huu, anahama."

Hadil aliinuka akaenda chumbani. Bi Swafiya aliendelea kuchambua asumini. Mimi nilitaka kulia. Nikasema, "Jaafar, huyu mtoto ndiye mato ya mamako."

"Mama ana mato yake," alijibu. "Juzi tu amepimwa, anaona vizuri."

Lahaula! Niambie, utamfanya nini mtu kama huyo?

Chumba chetu cha juu alikuwa amepanga Mwalimu Jeruto. Kwao ni Kericho, bara, na ndiye aliyekuwa akimfundisha Hadil Kiingereza. Hakuwa amekaa hapa Amu, ndiyo Lamu, muda mrefu. Bado alikuwa akipotea kwenye vichochoro, akarudi akicheka. Siku moja alasiri aliteremka na karatasi mkononi, akaketi karibu yangu.

"Mama Hadil, naomba unisaidie," alisema. "Hii karatasi imeninyima usingizi."

"Mimi Kiingereza sikijui, mwalimu."

"Nitakutafsiria. Hili ni shairi kuhusu nyumba ya zamani. Mwana wa nyumba hiyo alisafiri, hajarudi. Mshairi anasema hivi: Nyumba inamngoja mwanawe. Dirisha lake ni jicho lisilofumba. Nikauliza kwenye mtihani, dirisha limefananishwa na nini, na kwa nini? Sasa sikiliza Hadil alivyojibu."

Alisoma polepole, akinitafsiria. "Dirisha ni dirisha. Mshairi anajua mwenyewe alilokusudia."

Nilicheka, kisha nikajizuia. Hadil alikuwa amesimama mlangoni akitusikia.

"Swali lingine," Mwalimu Jeruto aliendelea. "Mshairi anaeleza hisia gani? Hadil ameandika: Heri aulizwe yeye. Yote ni hivyo, mama. Karatasi nzima. Nilidhani ananidharau. Lakini huyu si mtoto wa dharau. Basi nikadhani haelewi."

Bi Swafiya alikuwa barazani akipima wimbo wake mpya. Harusi ya mtoto wa Bi Hindu, jirani yetu, ilikuwa yakaribia. Sauti yake ilitujia kama ya mtu aliye ndotoni. Aliimba habari ya kisima kizuri, chenye ukuta wa chokaa na ndoo mpya, ila mwenye kiu akifika hukuta kifuniko.

Mwalimu alitega sikio. "Ni wimbo mzuri! Hadil, una maana gani?"

Hadil alitazama chini. "Siyui, mwalimu. Ni wimbo wa bibi."

Mwalimu alipumua kwa huzuni, akapanda juu kuanua nguo zake. Nami nilipanda kumsaidia, na Hadil akatufuata na kapu. Huko juu darini, yaani kwenye paa la wazi, kulikuwa na upepo mwanana, na mashuka yalikuwa yakijaa hewa yakishuka, yakijaa yakishuka. Hadil aliangalia ngazi, akahakikisha hakuna anayekuja. Kisha akasema kwa kunong'ona:

"Mwalimu, kisima ni mtu tajiri. Ukuta wa chokaa na ndoo mpya ni fahari yake, nyumba na nguo. Mwenye kiu ni jamaa yake mwenye shida. Kifuniko ni uchoyo. Bibi hakusema mchoyo, kwa sababu kisima kilichofunikwa chaumiza zaidi. Maji yapo, wayasikia, huyapati."

Mwalimu Jeruto aliangusha shuka. Wallahi, aliliangusha, nikaliokota mimi.

"Hadil! Kumbe unajua?"

"Najua, mwalimu."

"Hata lile dirisha?"

"Dirisha ni jicho la mama anayemngoja mwanawe. Halifumbi kwa sababu akilala, huenda mwanawe akaja asimuone. Nilipolisoma nililia."

"Sasa kwa nini hukuandika hivyo, jamani?"

Hadil alinitazama mimi, nikajua anayotaka kusema. Nilikuwa nimesahau kabisa.

Alipokuwa mdogo tulikwenda naye kwenye vugo. Bi Swafiya aliimba fumbo lake, watu wakatabasamu. Hadil akaruka mbele ya wote akapiga kelele, "Nimejua! Bibi amemsema Bi Hindu!" Pembe zilinyamaza. Bi Hindu alijifunika buibui akaondoka, na kwa muda mrefu nyumba zetu mbili hazikusalimiana. Siku ile Bi Swafiya alimshika mtoto kwa mabega. "Fumbo la mtu usilifumbue mbele za watu, umenisikia? Hata ulijue vipi, sema huyui."

Mtoto alisikia. Akashika, na hakuachia tena.

"Mwalimu," Hadil alisema, "yule mshairi yuko wapi? Ametoa ruhusa? Ile karatasi husomwa na watu nisiowajua. Nikifumbua, si nitamwaibisha aliyefumbiwa?"

Mwalimu Jeruto alikaa kitako darini, kati ya vibanio vya nguo. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Akasema, "Twende kwa bibi."

Tulimkuta Bi Swafiya akifunga kikuba, zile asumini na majani ya mrehani yanayofungwa pamoja ili mwanamke ajipambe nayo. Mwalimu alimweleza mambo yote, kwa heshima, bila kumlaumu. Bi Swafiya alisikiliza. Kisha akauliza swali ambalo, nakuapia, hata mimi lilikuwa likinikera.

"Huyo mshairi wenu, mwalimu. Amemfumbia nani?"

"Hakumfumbia mtu, Bi Swafiya."

"Hapana hasimu? Hapana jirani?"

"Hapana. Wewe unafumba ili mmoja ajue na wengine wasiwe na hakika. Unamsitiri mtu. Yule anafumba ili kila msomaji afumbue. Anataka tufikiri kidogo, tuhisi, halafu tuseme. Tukinyamaza, kazi yake inabaki nusu." Aliuangalia mkono wa bibi. "Ni kama hicho kikuba. Umekifunga, lakini si ili kifichwe. Umekifunga ili kinukie."

Bi Swafiya alikinusa kikuba chake. Alikaa nacho puani muda, mato ameyafumba.

"Hadil, ndoo hapa," alisema.

Hadil akasogea.

"Nilikufunga mdomo ukiwa mdogo. Kwa mambo ya harusi nilikufunga vyema, na usilegeze hata kidogo. Lakini ya kitabuni nakupa rukhsa. Fumbua, mwanangu. Fumbua yote."

Kuanzia siku ile, kiwanda chetu kikawa darasa. Hadil na mwalimu mkekani, bibi na asumini zake, mimi na kofia yangu. Mwalimu alisema mifano mizuri ni ile tuliyo nayo nyumbani. Basi tukamtumia Jaafar, ambaye hakuwepo kujitetea.

"Jaafar anakoroma kama mashine ya boti," nilisema mimi.

"Hiyo ni tashbihi," alisema mwalimu. "Kwa Kiingereza waiita simile. Unafananisha vitu viwili, na neno kama liko wazi mbele ya macho."

"Jaafar ni mashine ya boti," akasema Hadil.

"Hiyo ni sitiari. Kwa Kiingereza ni metaphor. Umeliondoa neno kama. Umemgeuza kabisa, na ndiyo maana ina nguvu zaidi."

Papo hapo Jaafar aliingia, mikono imejaa grisi. Akaomba maji na kulalamika, "Mashine ya leo imeninunia tangu asubuhi. Yakataa kuamka."

Sote tukaangua kicheko. Maskini, alitukodolea macho.

"Kwani mashine hununa, baba?" Hadil aliuliza.

"Hununa sana!"

"Hiyo ni tashihisi, mzee," alisema mwalimu huku akifuta machozi ya kicheko. "Umekipa kitu kisicho na uhai tabia ya mtu. Personification. Wewe ni mshairi."

"Mimi? Mimi ni fundi," alisema Jaafar. "Na nimewaambia mara elfu msishike glasi yangu." Akaondoka na maji yake. Mwalimu alituashiria tunyamaze hadi afike mlangoni, kisha akatwambia kwamba hayo ya mara elfu huitwa chuku. Mtu hutia chumvi ili asikike.

Lakini kujua majina hakutoshi. Hilo mwalimu alilikazia sana. "Watahiniwa wengi huandika jina la tamathali wakaacha hapo," alisema. "Mtahini anataka zaidi. Mwoneshe maneno yenyewe katika shairi. Mwambie ni kitu gani kimefananishwa na kitu gani, na wamekutana wapi. Halafu mwambie msomaji anahisi nini. Usiache moyo nje."

"Yaani kama nilivyosema kule darini," alisema Hadil.

"Hivyo hivyo, ila sasa usinong'one."

Alianza kwa woga. Mara ya kwanza aliandika jibu, akalifunika kwa mkono. Baadaye mkono ukaondoka. Alasiri zilikuwa ndefu, sauti zetu zikipanda na harufu ya asumini, na mara nyingine nilisahau kwamba kuna safari ya Mombasa.

Jaafar hakusahau. Siku moja alirudi akasema, "Uthman amepata nafasi shuleni. Wasema aende mapema, kabla ya mtihani, nafasi isije ikachukuliwa."

"Ulisema akifeli!" nilimkemea. "Mtihani hajafanya!"

"Atafeli tu, Zamzam. Mara zote hufeli. Nimtoe kafara mwanangu kwa kungoja?"

Bi Swafiya alisikia. Hakumwambia mwanawe neno. Hiyo ndiyo ada yake, na wazee wengi wa hapa ni hivyo. Linalomuuma halisemi, huliimba. Na aliyelifunga fumbo mwenyewe halifungui. Asubuhi iliyofuata, Jaafar akinywa chai, mama yake aliketi mlangoni mwa chumba chake akaimba taratibu:

*Taa yangu ya chumbani, nasikia yatolewa,*
*Yenda zake ugenini, kwa mtu asoijuwa,*
*Nami nibaki nyumbani, giza ndilo naatiwa.*

Naatiwa ndiyo naachiwa, kwa maneno yetu ya Amu. Nilimtazama Jaafar. Alikuwa ametega sikio, uso umeingia huruma. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, leo ameelewa. Akaweka kikombe, akatoka mbio.

Alirudi adhuhuri baada ya swala ya Ijumaa, amebeba kiboksi.

"Mama, nimekuletea," alisema kwa furaha. "Taa ya sola. Haitaki mafuta, haitaki umeme. Ile yako ya zamani na itolewe tu."

Bi Swafiya aliipokea kwa mikono miwili. "Ahsante, mwanangu. Mungu akuweke." Akaiweka magotini, akaitazama. Machozi yakamdondoka juu ya kioo chake.

"Haikupendeza?" Jaafar aliuliza. "Naweza kuibadilisha."

Nilifungua mdomo niseme. Hadil akanitangulia. Alisimama katikati ya kiwanda, mikono yake ameishika pamoja. Nilijua anaogopa. Fumbo hili halikuwa la kitabuni. Lilikuwa la bibi yake, na mwenyewe alikuwa pale pale. Alimtazama bibi kwanza. Bi Swafiya hakusema ndiyo, hakusema la. Alifumba mato yake tu, akayafumbua.

"Baba," alisema Hadil. "Bibi hataki taa."

"Ameomba taa mwenyewe, nimemsikia."

"Taa ni sitiari, baba. Taa ni mimi. Chumba ni maisha yake. Ugenini ni Mombasa, na mtu asoijuwa ni shule ambayo hakuna anayenijua. Giza ni upweke. Bibi anasema nikiondoka, hatakuwa na wa kumuangazia. Anaogopa, baba. Lakini wewe ni mwanawe, hataki kukuamrisha. Ndiyo maana ameimba."

Jaafar alimgeukia mama yake.

"Mama, ni kweli?"

"Mimi nimeimba tu," alijibu Bi Swafiya, na machozi yakazidi.

Jaafar aliketi pale chini, karibu na miguu ya mama yake, na kanzu yake nyeupe ya Ijumaa. "Mimi sikujua," alisema. "Subhanallahi. Mimi nimekwenda dukani." Kisha akamtazama Hadil kwa muda mrefu, kama anayemwona mara ya kwanza. "Na wewe umelijua lote hilo kwa kusikia mara moja?"

"Ndiyo, baba."

"Basi fanya mtihani wako. Nitamwambia Uthman angoje."

Mtihani ukaja. Hadil alitusimulia baadaye. Shairi lilihusu mvua. Mshairi alisema mvua ilitembea juu ya paa kwa viatu vidogo, ikijaribu isiwaamshe watoto. Hadil aliandika kuwa hiyo ni tashihisi. Aliyaonesha maneno, viatu na kutembea na kujaribu. Akaandika kuwa mvua imepewa upole wa mama anayepita usiku chumbani, na kwamba msomaji anajihisi amelala salama, amefunikwa shuka. Hakufunika jibu lake kwa mkono.

Kabla ya majibu kutoka, ilifika harusi ya mtoto wa Bi Hindu. Vugo zililia mtaa mzima. Bi Swafiya akaimba kisima chake, na wanawake wakatabasamu wakitazama chini. Bi Hindu akamsogelea Hadil, akamkumbatia begani. "Wewe sasa ni msomi wa mafumbo, nasikia. Niambie, bibi yako leo amemsema nani?"

Nilibana pumzi. Mwalimu Jeruto naye alibana yake, alikuwa kando yangu amejifunga leso vibaya.

"Siyui, Bi Hindu," alisema Hadil kwa adabu. "Ni wimbo wa bibi tu."

Mwalimu alicheka hadi leso ikamfunguka.

Majibu yalitoka alasiri moja tulivu. Hadil aliingia mbio na karatasi, akampa baba yake. Alikuwa miongoni mwa waliofanya vizuri kabisa darasani. Kando ya lile jibu la mvua, mwalimu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba halijaacha moyo nje. Jaafar alisoma taratibu hadi mwisho. Alikunja karatasi, akanawa mikono, akaenda kusimama kwenye mlango wa mama yake. Mimi nilisimamisha sindano nisikie.

"Mama," alisema, "ile taa haiendi Mombasa."

Bi Swafiya aliinua uso. Ile taa ya sola ilikuwa juu ya dirisha, ikiota jua. "Ipi, mwanangu? Hii uliyoninunulia?"

Jaafar alikohoa. Alijikuna shingo. Mume wangu, ambaye katika maisha yake yote hajapata kukusudia neno lisilokuwa la moja kwa moja, alitazama chini akatabasamu.

"Ile nyingine," alisema.

Bi Swafiya alimvuta Hadil mkekani, akamvisha kikuba alichokuwa amemaliza kukifunga. Mimi nilirudi kwenye kofia yangu, lakini sikuweza kuona vitundu vya kushona mpaka nilipofuta macho.